Hewa na Majirani: Asili ya Chakula na Mavazi ya Watuareg wa Sahara

Mtu akiulizwa kwa nini watu wa jangwani hula kama walavyo na huvaa kama wavaavyo, jibu la haraka ni moja tu: jua. Nchi yao ni kavu, kwa hiyo hawalimi; hawalimi, kwa hiyo hunywa maziwa na kula tende; jua ni kali, kwa hiyo hujifunika tangu utosini hadi vifundoni. Jibu hili lina ukweli ndani yake, wala hatalicheka mtu aliyepata kulionja joto la jangwani. Hata hivyo ni nusu ya jibu, na nusu ya jibu huweza kumpotosha msomaji kuliko kutojibiwa kabisa, maana humfanya aone kuwa hana tena la kuuliza.

Makala haya yanakusudia kuitafuta nusu ya pili. Nimewachagua Watuareg wa Sahara kuwa mfano, kwa sababu habari za watu wa jangwa lile zimeandikwa kwa muda wa miaka elfu moja na zaidi, na kwa sababu chakula chao na mavazi yao hutajwa mara nyingi kuwa ni mambo yaliyozaliwa na jangwa lenyewe. Mimi si bingwa wa hewa wala wa ufumaji. Kazi yangu ni lugha. Kwa hiyo, pamoja na maandishi ya wasafiri, nitayaita maneno nayo yatoe ushahidi. Neno husafiri na kitu, na mara nyingi kitu kikisha kusahau kwao, neno hukumbuka.

Ninalotaka kulionyesha ni hili: hewa ya jangwa hukataza mambo mengi, lakini haiagizi. Hukataza ulimaji wa mvua, hukataza nyumba ya kudumu, hukataza mtu kutembea kichwa wazi mchana kutwa. Baada ya kukataza, hunyamaza. Kile ambacho mtu atakula na atakachovaa, katika yale yaliyobaki, hutokana kwa sehemu kubwa na majirani aliokutana nao.

Nchi na Jina Lake

Na tuanze na majina. Neno sahara katika Kiarabu maana yake ni jangwa. Hivyo tusemapo "Jangwa la Sahara" twasema jangwa la jangwa. Upande wa kusini wa jangwa hilo pana ukanda wa nyasi na miti ya miiba, tangu Senegali hadi Sudan, nao huitwa Saheli. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kamusi hapa. Sahili ni pwani, na wingi wake wa Kiarabu, sawahil, ndio uliotupa sisi jina letu. Mwenye msafara aliyetoka kaskazini, akaona nyasi za kwanza baada ya wiki nyingi za mchanga, aliona pwani. Basi watu wa Lamu na Mombasa, na watu wa Agadez na Timbuktu, wote wamo ndani ya neno moja, ila bahari ya hawa ni ya maji na bahari ya wale ni ya mchanga.

Ulinganisho huu si pambo la maneno. Bahari hutenga watu wasio na chombo, na huwaunganisha wenye chombo. Kadhalika jangwa. Chombo cha Sahara ni ngamia, na ngamia mwenyewe si mwenyeji wa kale. Ngamia wa nundu moja alifugwa kwanza Arabuni, yapata miaka elfu tatu iliyopita, akaenea katika Sahara katika karne za mwanzo baada ya kuzaliwa Nabii Isa. Kwa hiyo hata yule mnyama ambaye twamdhani kuwa ndiye jangwa lenyewe alikuja akiwa mgeni.

Watuareg wanaishi katika nchi ambazo leo ni Algeria, Libya, Niger, Mali na Burkina Faso. Lugha yao ni ya jamii ya Kiberberi, nao wana maandishi yao wenyewe yaitwayo Tifinagh. Jina "Tuareg" wamepewa na wengine. Wenyewe hujiita Kel Tamasheq, yaani watu wa lugha ya Kitamasheki, na pengine Kel Tagelmust, yaani watu wa kilemba chenye utaji. Hapo tayari lugha na vazi vimesimama pamoja kuwa ndivyo vimtambulishavyo mtu.

Mvua katika sehemu kubwa ya nchi yao haifikii milimita 100 kwa mwaka, na mahali pengi ni chini sana ya hapo. Milima ya Ahaggar na Aïr hupata zaidi kidogo. Mchana joto hupita digrii 40 wakati wa kiangazi. Usiku hewa isiyo na mawingu huliachilia joto hilo lote, na mtu hutafuta blanketi. Hayo ndiyo masharti. Sasa tutazame watu walivyoyajibu.

Chakula

Watuareg wana methali isemayo kwamba maji ni uhai na maziwa ni riziki. Kwa lugha yao maji ni aman na uhai ni iman, na sauti za maneno hayo mawili ndizo zilizoipa methali utamu wake. Aman ni neno la asili la Kiberberi, na akh, yaani maziwa, ni hivyo hivyo. Jambo moja litamfurahisha mwanafunzi wa sarufi: aman ni neno la wingi lisilo na umoja, kama vile maji yetu yalivyo katika ngeli ya ma- bila ya umoja. Maneno haya mawili ndiyo msingi wa chakula cha mfugaji, nayo hayakuazimwa kwa mtu. Hapa kwa kweli hewa ndiyo iliyosema. Ngamia na mbuzi hula miiba ambayo mtu hawezi kuila, wakaigeuza kuwa maziwa. Na maziwa yasiyonywewa leo hugandishwa na kukaushwa kuwa jibini ngumu, ambayo haiozi kwa kuwa hewa kavu hunyonya maji yake yote.

Tukivuka mpaka wa maziwa, twaingia katika deni. Chukua taguella, mkate ambao kila mgeni wa Watuareg husimulia habari zake. Unga hukandwa kwa maji bila ya hamira, ukatandazwa kuwa duara. Moto huwashwa juu ya mchanga. Ukisha kuwa makaa, makaa husogezwa, mkate hulazwa juu ya mchanga wa moto, hufunikwa kwa mchanga na makaa, na baada ya muda hugeuzwa. Ukiiva hukung'utwa, hukatwakatwa vipande vidogo, ukachanganywa na samli au mchuzi. Njia hii ya kuoka ni mtoto halisi wa jangwa. Haihitaji tanuri, wala chungu kizito cha kumchosha ngamia, na kuni zake ni chache. Lakini unga watoka wapi? Ukiwa wa ngano, ngano ni mmea wa Mashariki ya Kati, uliofika katika oasisi za Sahara kwa njia ya kaskazini, nao hukua huko kwa kunyweshwa maji ya visima na mifereji. Ukiwa wa uwele, uwele ulifugwa na wakulima wa Afrika ya Magharibi, katika nchi ambayo leo ni Mali, zaidi ya miaka elfu nne iliyopita, nao huletwa kutoka kusini mahali mvua inapofika. Jirani wa Watuareg upande huo ni Mhausa, naye huita ngano alkama. Sikio la Mswahili litatambua mara moja kuwa ni al-qamh ya Kiarabu, iliyoingia na al- yake bila ya kuvuliwa, kama alfajiri na alasiri zilivyoingia kwetu. Ngano basi ilishuka kusini na jina la kaskazini mgongoni.

Chakula cha pili cha kutazamwa ni eghajira, kinywaji cha msafiri. Uwele hutwangwa pamoja na tende na jibini kavu ya mbuzi, ukawa unga mkavu; mtu akitaka kula hutia maji au maziwa, akakoroga na kunywa kwa upawa. Hakipikwi njiani, hakiozi, na ndani yake mna nafaka, sukari ya tende na maziwa. Ukikitazama kwa jicho la hewa, utasema kuwa ni chakula kilichotungwa kwa akili ya jangwa. Na ndivyo kilivyo. Lakini ukikitazama kwa jicho la biashara, ni nchi tatu ndani ya bakuli moja: uwele wa mkulima wa Saheli, tende za mlimaji wa oasisi, jibini ya mfugaji mwenyewe. Jangwa limetoa sehemu ya tatu tu.

Sehemu zile nyingine huletwa na msafara. Kutoka Agadez hadi Bilma ni kama kilomita 600, na kati yake kuna Ténéré, tambarare ambayo karibu haina hata jani. Watuareg wa Aïr walipeleka Bilma uwele na nguo, wakarudi na chumvi na tende, wakaendelea nazo hadi masoko ya Wahausa, ambako walizibadilisha kwa uwele mpya. Hata nyasi za kuwalisha ngamia zilichukuliwa mgongoni mwa ngamia wenyewe. Mzunguko huu uliendelea kwa karne nyingi, na haujakoma kabisa, ijapokuwa malori yamechukua sehemu kubwa ya mizigo.

Shahidi wetu wa zamani katika jambo hili ni Ibn Battuta, ambaye habari zake tunazijua vyema Afrika ya Mashariki. Mwaka 1352 alivuka Sahara akafika Taghaza, machimbo ya chumvi yaliyokuwa kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Mali. Alikuta nyumba na msikiti vimejengwa kwa mawe ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia, wala hapakuwa na mti. Akaeleza kwamba waliokaa pale waliishi kwa tende zilizoletwa kutoka kaskazini, kwa nyama ya ngamia, na kwa uwele ulioletwa kutoka nchi ya watu weusi. Katika vyakula vitatu, viwili vilitoka mbali.

Msafiri huyo huyo, miaka ishirini na mmoja kabla ya hapo, yaani mwaka 1331, alikuwa amefika Mombasa. Akaandika kuwa kisiwa kile hakina nafaka zake, na kwamba nafaka huletwa kutoka sawahil. Tutaona kwamba ameandika habari moja mara mbili: kisiwa cha bahari na kisiwa cha mchanga, vyote viwili vikilishwa na chombo. Hakuna mtu asemaye kwamba watu wa Mombasa walikula walichokula kwa sababu ya hewa ya kisiwa peke yake. Kwa nini basi tuseme hivyo juu ya watu wa jangwani?

Haifai kuyapamba mambo haya. Maingiliano si urafiki siku zote. Waliochimba chumvi ya Taghaza, kwa kauli ya Ibn Battuta, walikuwa watumwa. Bustani nyingi za oasisi zililimwa na watu wasio huru, au na watu ambao walibakiza sehemu ndogo tu ya mavuno yao. Misafara ile ile iliyobeba uwele ilibeba pia wanadamu. Sisi wa pwani hii, tulio na historia yetu ya misafara, hatuna haki ya kulisahau jambo hilo tunapoyasifu maingiliano ya watu.

Mavazi

Tuje sasa katika mavazi, ambamo watu hudhani kuwa hewa ndiyo fundi cherehani. Ni kweli kwamba katika hewa kavu jasho hukauka kabla halijaonekana, na mtu afanyaye kazi juani huweza kupoteza zaidi ya lita moja ya maji kwa saa moja. Vazi pana na refu huzuia jua lisiipige ngozi, huacha nafasi ya hewa kupita kati ya nguo na mwili, na hupunguza upotevu wa maji. Utaji juu ya pua na kinywa huzuia vumbi, na hushika unyevu wa pumzi. Usiku vazi hilo hilo ni blanketi.

Lakini hebu tuulize maswali matatu ambayo hewa haiyajibu.

La kwanza ni la rangi. Vazi la heshima la Mtuareg ni la nili iliyokolea, buluu ielekeayo weusi. Sote tumefundishwa kuwa rangi nyeusi hunywa joto. Ikiwa hewa ndiyo iliyochagua, mbona haikuchagua nyeupe? Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wataalamu waliolipima jambo hili katika jangwa la Negev, kwa kutumia majoho ya Mabedui, meusi na meupe, katika joto la kati ya digrii 35 na 46. Waliona kwamba joto lililomfikia mvaaji lilikuwa sawasawa katika rangi zote mbili. Nguo nyeusi ilikunywa joto zaidi, ndiyo, lakini joto hilo la ziada lilipotea kabla ya kufika kwenye ngozi, kwa kuwa vazi lilikuwa pana. Maana yake kwetu ni kubwa. Hewa iliagiza upana. Juu ya rangi haikusema neno. Rangi ilikuwa wazi kwa mwanadamu kuichagua.

Nani basi aliyeichagua? Pamba haimei katika nchi kavu ya Mtuareg, wala mnili. Kabla nguo za pamba hazijawa nyingi, watu wengi wa jangwani walivaa ngozi za wanyama wao, na hilo ndilo vazi ambalo jangwa lingeweza kulitoa peke yake. Nguo ya nili ilitoka kwa Wahausa. Huko Kano na miji iliyo karibu nayo, hasa Kura, pamba ilifumwa kuwa mikanda myembamba sana, mikanda ikashonwa pamoja, ikatiwa katika mashimo ya rangi, kisha ikapigwa kwa nyundo za mti pamoja na unga wa nili hata ikang'aa kama chuma. Heinrich Barth, msafiri Mjerumani aliyefika Kano mwaka 1851, alistaajabu kuona jinsi nguo za mji huo zilivyotawanyika hadi Ghat, Murzuk, Tripoli na Timbuktu. Unga ule wa nili hutoka ukashika ngozi ya mvaaji, na ndiyo sababu wageni wakawaita Watuareg "watu wa buluu". Fikirini: sifa ambayo dunia nzima huitumia kumtambulisha mtu wa jangwani ni alama ya mkono wa fundi wa mjini, ambaye pengine hakuwahi kulikanyaga jangwa.

Swali la pili ni la wanaume na wanawake. Kwa Watuareg mwanamume ndiye afunikaye uso, na mwanamke huuacha uso wake wazi. Jua huwapiga wote wawili, na vumbi halichagui. Kama utaji ungekuwa kazi ya hewa peke yake, wote wangeufunga.

La tatu ni la namna ya kuufunga. Kijana hupewa tagelmust anapoingia utu uzima, si anapoingia juani. Huivaa hata kivulini, hata hemani, hata usiku. Mtaalamu wa Kimarekani Robert Murphy, aliyefanya utafiti miongoni mwao, alieleza mwaka 1964 kwamba mwanamume huupandisha na kuushusha utaji kwa kufuata mtu aliye mbele yake: mbele ya mkwe au mkubwa huupandisha hata yakabaki macho tu, mbele ya rafiki wa rika lake huulegeza. Kitamasheki kina neno la hali hiyo, takarakit, na fasiri yake iliyo karibu kwetu ni haya, au staha. Mswahili aliyelelewa akajua kuinamisha macho mbele ya wakweze hatahitaji maelezo marefu. Yeye hutumia macho na sauti. Mtuareg ameongeza kitambaa.

Wala si jambo la jana. Al-Bakri, mwanajiografia wa Cordoba, aliandika mwaka 1068 juu ya watu wa jangwani, ndugu wa kale wa Waberberi wa Sahara, kwamba hawavui utaji wao katika hali yoyote. Kwa hiyo desturi ya utaji ni ya kale, na kitambaa chake kimebadilika kufuatana na jirani. Leo mtu wa cheo huvaa pia kitambaa kinachong'aa kiitwacho bazin, kifumwacho Ulaya na siku hizi China pia. Tagelmust ya nili ya Kihausa imekuwa ghali, huwekwa kwa siku za arusi na sikukuu. Kitambaa kinabadilika, lakini haya ile ile hubaki ndani yake.

Chai

Nimeiacha chai kuwa ya mwisho kwa sababu ndiyo ishara ya ukarimu wa jangwani, na ndiyo mgeni wa karibu kuliko wote.

Nilipokuwa mwanafunzi Ulaya, jirani yangu katika nyumba ya wanafunzi alikuwa kijana wa Agadez. Jioni alikuwa akichemsha chai ya kijani katika buli dogo, akaimimina kutoka juu hata ikafanya povu, akatunywesha bilauri tatu: ya kwanza chungu, ya pili ya wastani, ya tatu tamu. Kuondoka kabla ya ile ya tatu ni utovu wa adabu. Usiku mmoja aliniambia, "Ndugu yangu, hii ndiyo desturi yetu tangu mababu." Nami, kwa ujuvi wa mwanafunzi, nikamwuliza ni mababu wangapi. Alihesabu kwa vidole, akacheka, akasema kwamba babu wa babu yake pengine hakuijua. Kisha akaniuliza, "Na chai yenu ya maziwa na tangawizi, je?" Nikanyamaza, nikanywa bilauri yangu.

Alisema kweli. Chai ilijulikana katika jumba la masultani wa Maroko katika karne ya 18, lakini ilienea katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Uingereza walipotafuta masoko mapya huko Tangier na Mogador wakati wa Vita vya Krimea, vya mwaka 1853 hadi 1856. Kutoka huko iliingia jangwani pole pole, na miongoni mwa Watuareg wengi ilizoeleka mwishoni mwa karne ile na mwanzoni mwa karne ya 20. Majani yametoka China. Sukari iliyofungwa kama mnara mdogo ilitoka katika viwanda vya Ulaya.

Sikilizeni maneno yanavyoshuhudia. Maroko na Mauritania, na kwa Watuareg wa Mali, kinywaji hiki huitwa atay. Libya huitwa shahi, na kwetu chai. Kuna mizizi miwili. Katika bandari za Fujian, kusini mwa China, jani hili huitwa te. Mabaharia wa Kiholanzi walilichukua jina hilo, likafika Uingereza na Ufaransa, na kutoka kwa wafanyabiashara wa Ulaya likaingia Maroko. Sehemu nyingine za China husema cha, na jina hili lilipita nchi kavu na kupitia Uajemi na Bara Hindi, likazaa shahi na chai. Basi Mtuareg asemapo atay ametaja, bila ya kujua, njia ya bahari ya magharibi; nasi tusemapo chai tumetaja njia ya mashariki. Sukari je? Hiyo njia yake ni moja: neno la kale la Bara Hindi, likapita kwa Waajemi na Waarabu, likafika Sahara na pwani yetu pia.

Je, hewa haina sehemu katika jambo hili? Inayo. Maji ya kisima yakichemshwa huwa salama zaidi, sukari humpa nguvu aliyechoka, na buli ni dogo la kubebeka. Hewa iliifungulia chai mlango. Lakini aliyebisha hodi alitoka mbali sana.

Funzo Lake

Pengine msomaji atauliza kuna faida gani kujua kwamba mkate wa mchangani umetengenezwa kwa uwele wa wengine. Nitajibu kwa habari ya njaa.

Nchi za Saheli zilipatwa na ukame mkubwa tangu mwaka 1968 hadi 1974, na tena katikati ya miaka ya 1980. Wengi walisema kwamba mbingu zilifunga, kwa hiyo watu wa jangwani wakafa njaa; yaani, jua tena. Lakini mchumi Amartya Sen, katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya umaskini na njaa, alionyesha kwamba msiba wa wafugaji ulikuwa na upande wa pili. Mfugaji huishi kwa kuuza mnyama na kununua nafaka. Ukame ulipokuja, wanyama walikonda, bei yao ikaanguka, na bei ya nafaka ikapanda. Hata mahali nafaka ilipokuwapo sokoni, mnyama wa mfugaji hakuweza tena kuinunua. Ule uzi uliomfunga na jirani yake mkulima ulikuwa umekatika.

Uzi huo ulikuwa umekwisha kudhoofika tangu zamani. Tangu nchi hizi zipate uhuru, Niger na Mali mwaka 1960 na Algeria mwaka 1962, mipaka iliyochorwa na wakoloni ikawa mipaka ya mataifa. Njia za misafara zilizoitazama Sahara kuwa bahari moja zikakuta forodha na askari. Viongozi walioamini kwamba mtu wa jangwani ni zao la jangwa walidhani kwamba akiachwa jangwani ataendelea kuishi kama alivyoishi. Makosa yao yalikuwa katika nusu ile ya jibu. Mtu huyu hakuwahi kuishi kwa jangwa peke yake. Aliishi kwa jangwa na Kano, kwa jangwa na oasisi, kwa jangwa na Saheli. Ukimfungia njia umemfungia kisima.

Watu wanaojua hali yao wenyewe hawakungoja wataalamu. Leo katika mahema ya Watuareg utakuta wali na makaroni pamoja na taguella, na katika mchuzi mna nyanya zilizokaushwa za bustani za Aïr, mmea ambao asili yake ni Amerika ya Kusini. Baadhi ya wageni husikitika, wakaona kwamba desturi inaharibika. Mimi sioni hivyo. Nyanya imeingia kwa mlango ule ule walioingilia ngamia, ngano, nili na chai. Lililo la Kituareg ni namna ya kuvipokea: kuikausha nyanya juani, kuipika chai mara tatu, kuigeuza nguo ya Kano kuwa haya ya uso.

Kwa wenzangu wa kazi ya lugha nina neno moja la mwisho. Tunapokusanya maneno ya chakula na mavazi, iwe kwa Watuareg au hapa kwetu, tusiridhike kuandika kando ya neno kwamba ni "la asili" au kwamba ni "la kigeni", kisha tukafunga daftari. Tuandike limepita wapi, limepokewa na nani, na limefanywa nini baada ya kupokewa. Maana watu waliopewa jina la pwani wanapaswa kujua kuliko wengine kwamba pwani haina maana yoyote bila ya chombo kinachotia nanga.